Fundi wa Vitu Vizima

Mimi ni fundi wa kompyuta mjini Sumbawanga, na kwa miaka mingi nilikutana na wateja wangu siku ya msiba tu. Msiba wa mashine, namaanisha. Mtu anatumia kompyuta yake miaka minne bila kuifungua hata mara moja kupuliza vumbi, kisha asubuhi moja ananipigia simu akihema kwamba imekataa kuwaka. Nafika nakuta imekata roho tangu juzi na majirani wameshajaribu dawa zote. Mmoja ameipiga kibao, mwingine amechomoa waya na kuurudisha, wa tatu ameshauri ianikwe juani. Naitwa mwishoni kama padri wa mpako wa wagonjwa, na kama padri, natazamwa usoni kuona kama kuna tumaini.

Nina hasira za karibu. Mama yangu husema nilizaliwa msimu wa palizi, watu wote wakiwa wamechoka, nikayachukua machovu yao. Kwa hiyo badala ya kumpa pole mwenye mashine, mara nyingi nilimpa hotuba. Nilimwambia angeniita mapema, feni ingesafishwa kwa dakika kumi, na kazi zake zingekuwa na nakala mahali pengine. Watu walinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mlevi wa ukoo wake, halafu wakarudi kuishi walivyokuwa wakiishi.

Kilichonikera hasa ni kwamba sisi Wafipa si watu wa kulaumiwa kwa kutofikiri mbele. Kwetu, kwenye barabara ya kwenda Laela, mvua zikianza kuelekea mwisho na majani yakiwa bado mabichi na marefu, watu huingia katika shamba ambalo halitaona mahindi mpaka mvua za mwaka mwingine. Wanayafukia majani yale chini ya udongo, wanatengeneza vilima vya duara vinavyofika magotini, safu kwa safu, na juu yake wanatia maharage. Kwa Kifipa vilima hivyo ni intumba. Majani yanaoza humo ndani kiangazi chote, na mvua mpya zikinyesha vilima vinasambazwa, shamba linakuwa limekwisha kushiba. Mtu anavunja mgongo leo kwa ajili ya mahindi atakayochoma mwakani. Mtu huyohuyo ukimwambia anunue diski ya pili aweke nakala za kazi zake, anakuuliza, "Kwani hii ina nini?"

Nikaamua kubadili kazi yangu. Niliwazungukia wateja nikawaambia kwamba kuanzia sasa nitakuja kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kitu kiwe kimeharibika au hakijaharibika. Nitafungua, nitapuliza vumbi, nitasikiliza feni, nitaangalia kama panya wameingia, nitafuta virusi vilivyoletwa na flashi za watu, nitachukua nakala. Aliyenielewa papo hapo alikuwa mwenye duka la dawa pale Milanzi, muuguzi mstaafu. Alisema hiyo ni chanjo, akanifungulia mlango. Wengine walitabasamu. Nyuma ya tabasamu kulikuwa na swali ambalo mmoja wao hatimaye aliliuliza: fundi anayekuja wakati hakuna kilichoharibika, anataka kukiharibu ili aitwe? Siwezi kusema swali hilo lilikuwa la kijinga. Mafundi wa namna hiyo tunao, na mmoja alinifundisha kazi.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa, nina wazo zuri na mdomo mbaya, Kwaresima ya mwaka juzi ilipoanza na mama yangu akaja mjini kupiga picha ndogo za kadi ya kikundi chao cha wakulima.

Nilimpeleka studio moja ya mtaa wa Katandala. Mwenyewe ni mama wa makamo, Mwislamu, mzaliwa wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, kwenye ukoo wa wavuvi na wauza dagaa. Ndoa ndiyo iliyompandisha huku juu Ufipa. Mume alitangulia mbele za haki, yeye akabaki na kamera. Kwa miaka kumi na kitu amepiga ubatizo, komunyo ya kwanza, kipaimara, Maulidi, harusi, mahafali, na watu waliokaa tu kwenye kiti chake kwa sababu siku hiyo walikuwa na nguo mpya. Na kuna picha moja ambayo hakuna anayekuja kuipiga lakini wote wanaihitaji, ile inayobebwa mbele ya jeneza. Kwetu mtu hasindikizwi vizuri kama hakuna mbeba msalaba, na nyuma yake mbeba picha. Mtu akifariki alfajiri, saa mbili ndugu zake wako mlangoni kwa mama yule. Anawapa pole, anakaa, anatafuta. Anamkuta marehemu kwenye harusi ya mpwa wake miaka mitano iliyopita akiwa amesimama mstari wa nyuma, anamtoa pale, anamsafisha, anamkuza, anamtia kwenye fremu. Nusu ya nyuso za Katandala zilikuwa zikikaa ndani ya kasha moja jeusi chini ya meza yake.

Kasha hilo alilipenda, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Mtu wa ziwani hazoei baridi ya Ufipa hata akae huku mpaka azeeke. Alikuwa na jiko la mkaa karibu na miguu yake, khanga mbili mabegani, na kompyuta yake nayo alikuwa ameifunika kitambaa kizito cha kudarizi, maua mekundu na majani, alichokishona mwenyewe. Alikifunika usiku na mchana, ikiwa imezimwa na ikiwa inawaka. Aliniambia baadaye kwamba aliona ni ukatili yeye ajifunike na kitu kinachomlisha kikae wazi.

Siku ile alimkalisha mama yangu kwenye kiti na kumpiga picha za kadi, mama akiwa amekaza uso kama mtu anayesomewa mashtaka. Zilipokwisha, mama wa studio akamwambia ainue kidevu kama mkwe anayesubiri mahari yake. Mama akacheka. Mama yangu hacheki mbele ya kamera. Picha zake zote ni za kundi, na kwenye zote anatazama pembeni akiwaza jiko. Mama wa studio akabonyeza papo hapo, akasema hiyo ni zawadi, ataisafisha vizuri kisha amchapie kubwa ya ukutani. Niliiona kwenye kioo cha kompyuta kwa sekunde chache tu. Pengo la jino lilikuwa linaonekana, macho yamefumba, na kilemba kimekwenda upande.

Halafu nikasikia. Chini ya meza, ndani ya kitambaa cha maua, kulikuwa na mlio mdogo. Tak. Kimya. Tak, tak. Niliinama nikaweka kiganja changu juu ya kasha. Lilikuwa la moto kama kikaango. Mlio ule kila fundi anaujua, ni wa diski inayojikwaa ikitafuta mahali pa kusoma.

Hapo palikuwa na namna mia za kusema. Mimi nilisimama nikasema, "Mama, hii mashine inakufa. Haifiki Pasaka. Na kila kilichomo kitakwenda nayo."

Mama wa studio alitia picha ndogo za mama yangu kwenye bahasha, akampa kwa mikono miwili, kisha akanigeukia.

"Usinichulie, fundi," alisema. "Humu ndani nimewahifadhi marehemu wa watu. Usiniletee uchuro."

Kama nafsi yangu ingekuwa nyepesi kidogo ningeomba radhi nikaomba na nusu saa ya kunakili faili. Diski nilikuwa nayo kwenye begi. Lakini kuitwa mleta uchuro mbele ya mama yangu kulinichoma. Nilisema basi shauri yako, nikatoka. Tulipokaribia stendi mama akaniambia kwa Kifipa, polepole, kwamba ng'ombe wa mtu hata akikonda, hupiti mlangoni ukatangaza atakufa. Unaomba maji ya kunywa, unakaa, unauliza malisho. Nikamwambia kompyuta si ng'ombe. Akasema ameona, ndiyo maana ameshangaa nimeilaani kama ng'ombe.

Sikurudi studio. Nataka niliseme hili bila kulipaka sukari: nilikuwa na wiki kadhaa, nilipita Katandala karibu kila siku na bodaboda, na kila nilipopita nilijua mlio ule unaendelea. Nilikuwa nangoja mashine ife ili nionekane nilikuwa sahihi.

Ilikufa wiki moja kabla ya Jumapili ya Matawi.

Sikupewa sifa niliyoitazamia. Habari iliyozunguka haikuwa kwamba fundi aliona mbali. Ilikuwa kwamba fundi alitamka. Alisema haifiki Pasaka, haikufika Pasaka, na wenye kujua kujumlisha walijumlisha. Mtu wa Sumbawanga akisafiri mikoani amezoea. Akitaja kwao tu, jirani yake anasogea kidogo kwenye kiti, kwa sababu ya sifa tulizopewa za uchawi. Utani huo nimeuzoea. Sikuwa nimezoea kutaniwa hivyo na watu wa Sumbawanga. Mwenye duka la vifaa vya shule aliniomba ningoje barazani aniletee karatasi zangu, nisije nikaitazama mashine yake ya fotokopi. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Ningemjibu, lakini mashine ile nayo ilikuwa inakohoa, nikaona ni heri ninyamaze.

Mama wa studio hakuniita mimi. Alimwita fundi mwingine, ambaye alimwekea diski mpya, tupu, na kumkabidhi ile ya zamani akimwambia hiyo ni ya kutupa. Hakuitupa. Aliiviringisha ndani ya kile kitambaa cha maua, akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akaliweka kopo juu ya kabati. Hayo niliyasikia kwa muuguzi wa duka la dawa, ambaye alinihadithia huku akinitazama kwa namna ya wauguzi, bila kulaumu na bila kusamehe.

Siku chache baada ya Pasaka alifariki mwalimu aliyenifundisha darasa la tatu. Alikuwa mzee wa Katandala, mpole, aliyekuwa akituita sote "bwana mkubwa" hata ukiwa hujavaa viatu. Nilikwenda kuzika. Kanisani nilikaa upande wa mlangoni, jeneza likaingia, mbeba msalaba mbele, mbeba picha nyuma yake. Picha ile sikuielewa mara ya kwanza. Ilikuwa ya kijivu, ya chengachenga, na juu ya shavu la mwalimu kulikuwa na kitu kama kovu jeusi la duara lililopanda mpaka kwenye jicho. Iliposogea nikatambua ni muhuri. Walikuwa wameikuza kutoka kwenye kitambulisho chake cha zamani, kwa sababu hawakuwa na nyingine. Mwaka mmoja nyuma yeye na mkewe walikuwa wameadhimisha miaka hamsini ya ndoa, na picha zote za siku ile, ambazo walikuwa hawajazichapisha, mwalimu akiwa na suti na ua kifuani, zilikuwa ndani ya kopo la maziwa.

Niliona aibu. Sina neno lingine. Nilimtazama mjane wake akiufuata uso ule wenye muhuri mpaka makaburini, na nikajua kwamba nilikuwa na diski kwenye begi siku ile, na nusu saa, na nikachagua kuwa sahihi. Halafu likanijia la pili. Mama yangu naye, picha pekee ya uso wake iliyobaki ilikuwa ile ya kadi ya wakulima, yenye muhuri shavuni.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa shambani anamalizia intumba, amechelewa mwaka ule kwa sababu ya mgongo. Nilichukua jembe nikamsaidia, tukafukia majani bila kusemeshana sana. Mwishowe nilimweleza yote, la mwalimu na la kopo, na nikamuuliza, kwa hasira kidogo maana aibu yangu huvaa nguo za hasira, iweje watu hawa hawa wanaolima mwaka mmoja kabla hawataki kusikia kwamba kitu kinaweza kuharibika.

Mama aliegemea jembe lake. "Tangu uzaliwe," aliniambia, "umewahi kunisikia nikifukia majani nikasema mwakani kutakuwa na njaa?"

Nikasema hapana.

"Tunasema tunaulisha udongo. Njaa haitajwi shambani. Ila jembe linajua."

Kisha akaendelea kulima, na mimi nikabaki nimesimama na majani mkononi. Miaka yote ile nilikuwa nimewazungukia watu na mahubiri ya njaa.

Jumatatu nilikwenda Katandala asubuhi. Pale mlangoni nilifanya kitu ambacho mjini tumeanza kukiacha. Niliinama, nikapiga makofi polepole, mikono imekutana chini, kama tunavyowaamkia wazee kijijini. Mama wa studio si Mfipa, lakini amekaa huku vya kutosha, alijua maana yake. Akaitikia shikamoo yangu, akanionyesha kiti. Nikamwambia sikuja kwa ajili ya mashine. Nimekuja kuomba radhi kwa mdomo wangu, na kama ataniruhusu, naomba nilitunze lile kopo kwa muda.



"Ulijua," mama wa studio alisema. "Ungerudi kesho yake ungenikuta nina hasira. Lakini chai ningekupa, na mashine ungeigusa."

Akapanda juu ya kigoda, akalishusha kopo, akalifuta vumbi kwa upindo wa khanga, akanipa.

Diski iliyochoka haitaki pupa. Ukiilazimisha isome yote kwa mkupuo, inajimaliza. Niliiunganisha kwenye kompyuta yangu pale karakanani kwangu Milanzi nikawa naisoma kidogokidogo, kabrasha moja moja, sikio limesogea karibu. Ikianza kugonga, nachomoa, naiweka dirishani ipoe. Ikawa bahati kwamba miezi ya kipupwe ilikuwa inaingia. Baridi ya Ufipa, ile ambayo mama yule alikuwa akiikinga mashine yake kwa maua ya kudarizi, ndiyo iliyokuwa dawa yake. Asubuhi za mwezi wa saba, upepo ukipiga mpaka mtu anatia mikono kwapani, diski ilisoma dakika ishirini kabla ya kulalamika. Mchana ilisoma tano.

Mama wa studio alikuwa anakuja kuketi pembeni yangu kabla hajafungua studio. Picha zikitokea kwenye kioo alikuwa akizitambua moja moja. Huyu ni wa harusi ya Milanzi, gari lilikwama kwenye matope maharusi wakatembea. Huyu alikataa kuvua kofia. Huyu, Mungu amrehemu. Huyu, Mungu amrehemu. Nilianza kuelewa kwamba nilichokiita mashine yeye hakuwa amekiita hivyo hata siku moja, na kwamba kitambaa kile hakikuwa ujinga. Kilikuwa ni utunzaji uliokosa mtu wa kuuelekeza. Mtu huyo ni mimi, ndiyo kazi yangu, na nilikuwa nimeifanya kwa kupiga kelele.

Kila kabrasha lililotoka tulilinakili mara mbili, diski moja kwake, nyingine kwangu Milanzi. Tulipata nyingi. Ubatizo wa miaka na miaka, harusi karibu zote. Jubilei ya mwalimu ilitoka asubuhi ya baridi kuliko zote, faili kwa faili, yeye na suti yake na ua lake. Mama wa studio aliikuza siku hiyohiyo, tukampelekea mjane. Aliipokea, akaiweka mapajani, akapitisha kidole gumba kwenye shavu la mumewe, mahali pale ambapo muhuri ulikuwa. Alifanya hivyo mara nyingi. Tukanywa chai yake tukaondoka.

Zilizopotea zilikuwa za mwisho, zile zilizoandikwa diski ikiwa tayari inachechemea. Kabrasha la Kwaresima lilifunguka likiwa na majina ya picha bila picha. Nililijaribu siku nne. Siku ya tano diski iligonga mara tatu, ikanyamaza, na haikuamka tena. Kicheko cha mama yangu kilikuwa humo. Siku ile nilipokuwa nimesimama pale nikitabiri, picha ile ilikuwa na umri wa dakika kumi.

Baada ya hapo niliacha kusema habari za kufa kwa wateja wangu. Jumatano ya kwanza ya mwezi nafika, naamkia, nauliza mashine zinakulaje, natania kidogo, nafungua. Sisemi diski hii imebakiza miezi mitatu. Nasema hii tuitafutie mwenzake isichoke peke yake. Nina daftari ninaloandika kila mashine, ilivyosikika, ilivyokuwa na joto, umri wake. Mwenye duka la vifaa vya shule siku hizi ananiita ndani niisikilize fotokopi yake, na akiona nimenyamaza muda mrefu ananiambia, "Sema tu, mshikaji, lakini sema taratibu." Kazi yangu ikienda vizuri hakuna kinachotokea, na hakuna anayekumbuka kumshukuru mtu kwa jambo ambalo halikutokea. Zamani hilo lingenikasirisha. Sasa linanikasirisha siku moja moja.

Mama wa studio ndiye mteja wangu wa kwanza kila Jumatano hiyo. Kitambaa cha maua bado kipo. Tulikubaliana kinapanda kwenye mashine jioni ikishazimwa na kupoa, na asubuhi kinashuka kabla haijawashwa. Hajawahi kusahau.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo mimi, mhubiri wa kuwahi, sikuliweza. Sikuweza kumwambia mama yangu aje kupiga picha nyingine. Mwaka ule mgongo wake ulikuwa umezidi kuuma, alikuwa anatembea kwa fimbo. Kila nilipotaka kumwambia, nilisikia jinsi itakavyosikika. Mama mzee anaumwa, na mwanawe wa kiume anamwambia njoo ukae kwenye kile kiti. Mtu mzima anajua picha kubwa ya peke yake inatengenezwa kwa ajili gani. Nilizunguka, nikamwambia mambo ya hali ya hewa, nikampelekea dawa ya kuchua, nikarudi mjini. Niliogopa. Niliogopa hasa kama walivyokuwa wakiogopa watu niliowacheka, kwamba nikilitaja nitaliita.

Mavuno yalipokwisha, Jumatano ya kwanza ya mwezi, nikiwa nimepiga magoti chini ya meza pale studio na brashi ya vumbi mkononi, nilisikia fimbo mlangoni. Mama alikuwa amekuja kwa basi la asubuhi bila kuniambia. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Krismasi na kilemba kipya. Aliamkiana na mama wa studio, wakaulizana habari za miguu na za migongo, kisha akaenda moja kwa moja akakaa kwenye kiti, akaegemeza fimbo ukutani isionekane.

Nikasimama nikamuuliza kama kuna tatizo lolote nyumbani. Mama wa studio alijifanya anatafuta kitu kwenye kamera.

"Hakuna tatizo," mama alisema. "Mimi mzima. Ndiyo maana nimekuja leo. Nataka tatu. Moja ikae kwangu, moja kwa dada yangu Laela, moja kwako. Zisikae nyumba moja."

Akakaza uso kama siku ile ya kwanza, uso wa mashtaka. Mama wa studio akajaribu utani wake wa mkwe na mahari, mama hakucheka. Akajaribu mwingine. Hakuna. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kompyuta na brashi yangu, na nilikuwa nalia, mtu mzima mwenye ndevu, machozi yanatiririka na sina hata pa kuyaficha kwa sababu mikono yote ilikuwa na vumbi la feni. Nililia kwa ajili ya picha iliyopotea, na kwa sababu alikuwa amelisema yeye lile nililoshindwa mimi, bila kulitaja.

Mama akageuza macho akaniona.

"Futa uso, baba," alisema. "Utanichulia."

Kisha akacheka mwenyewe, pengo na macho yote, kilemba kikaenda upande, na mama wa studio akabonyeza.

Nilikuwa nimeinakili picha ile mara tatu kabla mama hajachukua fimbo yake.